Maswali ya Wasomaji: Nafasi Hii ni ya Nani?

Barua zilizotufikia kuhusu mpira wa kikapu zimekuwa nyingi kuliko tulivyotarajia, na karibu zote zimezunguka jambo moja, nalo ni filimbi ya mwamuzi pindi wachezaji wawili wanapogongana. Tumechagua 6 kati ya hizo. Majibu yanafuata kanuni za FIBA, yaani shirikisho la kimataifa la mchezo huu, kwa kuwa ndizo zinazotumika katika mashindano ya Afrika Mashariki. Pale nitakapozungumzia ligi ya NBA ya Marekani, nitasema hivyo waziwazi.

*Binti yangu wa kidato cha pili anachezea timu ya shule yao. Kabla sijampa ruhusa, mwalimu wake alinihakikishia kwamba mpira wa kikapu ni mchezo usioruhusu kugusana. Sasa kila nikienda kumtazama nawaona wakibanana, wakipigana vikumbo na hata kuangushana, na mwamuzi mara anapuliza filimbi, mara ananyamaza. Je, nilidanganywa, au mwamuzi ndiye asiyeijua kazi yake? – Mama wa mchezaji, Mwanza*

Mama, hukudanganywa, ila ulipewa nusu ya habari. Mwalimu alikuwa akikueleza nia ya mwanzilishi wa mchezo, na nia hiyo ilikuwa ya kweli kabisa. James Naismith, mwalimu mzaliwa wa Kanada, aliubuni mchezo huu mwezi Desemba 1891 mjini Springfield, Massachusetts, akiwa na wanafunzi 18 waliochoshwa na mazoezi ya ndani wakati wa baridi. Alijiuliza kwa nini katika raga watu wanaangushana, akaona ni kwa sababu mwenye mpira anaruhusiwa kukimbia nao, hivyo hakuna njia ya kumzuia isipokuwa kumkamata. Basi akapiga marufuku kukimbia na mpira mkononi. Katika kanuni zake 13 za kwanza, kanuni ya 5 ilikataza kumpiga mpinzani kikumbo kwa bega, kumshika, kumsukuma, kumtega au kumpiga. Aliyekosa mara ya pili alitolewa nje hadi goli lifuatalo lifungwe, na aliyeonekana kukusudia kuumiza alitolewa kwa mchezo mzima, tena bila kuingizwa mwingine badala yake. Ukali wa namna hiyo hata leo hatuna.

Hata hivyo, watu 10 wakikimbizana chini ya kikapu kimoja hawawezi kukwepana kila mara. Kanuni za leo zinakiri jambo hilo, na ndiyo maana hazimwagizi mwamuzi aadhibu kila mguso. Zinamtaka ajiulize maswali mawili: kwanza, ni nani aliyesababisha mgongano huo, pili, je, mgongano umemnufaisha aliyeusababisha au umemnyima mpinzani kitu alichostahili kukipata? Mguso wa bahati mbaya usiobadilisha chochote huachwa upite, mchezo usikatikekatike. Binti akipigwa kikumbo kidogo huku akidunda mpira na akaendelea na safari yake bila kuyumba, mwamuzi mzuri atanyamaza. Kikumbo hichohicho kikimfanya apoteze mpira au apunguze mwendo, filimbi italia. Kwa mtu aliye kando ya uwanja matukio hayo mawili yanafanana, na hapo ndipo mwamuzi anapoonekana kigeugeu.

Ili kujua ni nani aliyesababisha mgongano, chukulia kwamba kila mchezaji amesimama ndani ya pipa lisiloonekana, lisilo na kifuniko juu. Kanuni huliita silinda. Mbele pipa linaishia kwenye viganja vyake, mikono ikiwa imekunjwa kwenye viwiko na haikupita mbele ya miguu na magoti; nyuma linaishia kwenye makalio; ubavuni linaishia kwenye ukingo wa nje wa mikono na miguu. Nafasi iliyo ndani ya pipa hilo, pamoja na hewa iliyo juu yake, ni mali ya mchezaji huyo maadamu ameifikia kwa njia halali bila kumgonga mtu. Akiruka wima, mikono ikiwa juu, bado yumo ndani ya pipa lake, na anayemwangukia ndiye mwenye kosa. Akiinama mbele, akitanua kiwiko, akitoa nyonga au goti likamkwaza mwenziwe, ametoka nyumbani kwake na kuingia kwa jirani, na mgongano ukitokea hapo kosa ni lake.

Siku ijayo ukienda uwanjani, mama, usiangalie mpira peke yake. Angalia miguu na kiwiliwili cha mlinzi. Angalia pia mikono ya mwamuzi. Ngumi iliyoinuliwa juu maana yake ni faulo, na kiganja kilicho wazi ni kosa lisilohusu mgongano, kwa mfano kutembea na mpira. Baada ya ngumi, mwamuzi huieleza meza ya waandishi aina ya kosa kwa ishara: mikono miwili kiunoni ni kuziba njia isivyo halali, kushika kifundo cha mkono ni kumshika mpinzani, na ngumi inayopiga kiganja ni mshambuliaji kumvaa mlinzi. Ukizijua ishara hizo tatu, utaufuata mchezo kwa utulivu zaidi kuliko nusu ya wazazi waliokaa nawe. Kuhusu wasichana, hawana kanuni laini kuliko za wavulana. Pipa ni lilelile.

*Shikamoo mwalimu. Wiki iliyopita tulicheza nusu fainali. Mpinzani alikuja mbio kuelekea kikapuni, nami nikasimama mbele yake tuli kama nguzo, mikono juu, wala sikumgusa. Yeye ndiye aliyenivaa kifuani, nikaanguka chali. Filimbi ikalia, nikashangilia, kumbe faulo ni yangu! Kocha wangu anasema nilionewa kwa sababu nilikuwa nimesimama. Naomba uamuzi wako. – Kijana wa miaka 17, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Sikuliona tukio, hivyo sitatoa hukumu juu ya mwamuzi wenu. Ninachoweza kukueleza ni kwamba hoja ya kocha wako, ijapokuwa imeenea viwanjani kote, haitoshi. Kusimama tuli siyo sharti, na wala siyo kinga.

Mlinzi hupata nafasi halali ya ulinzi anapomkabili mpinzani uso kwa uso, miguu yote miwili ikiwa imegusa sakafu. Akishaipata, hana haja ya kuganda kama mlingoti. Anaruhusiwa kusogea pembeni, kurudi nyuma, kuruka wima, na hata kugeuka au kukunja mikono kifuani ili asiumie. Kitu asichoruhusiwa ni kumwendea mshambuliaji kwa mbele na kumgonga. Mlinzi aliyekuwa akisogea kando kwa haraka, akagongwa katikati ya kifua, mara nyingi ndiye mwenye haki, ingawa jukwaa zima litapiga kelele kwamba alikuwa akitembea. Kinyume chake, aliyesimama tuli lakini akagongwa begani au kwenye nyonga kwa kawaida huwa amechelewa, kwa kuwa mshambuliaji alikwisha kupitisha kichwa na mabega, na huyo mlinzi akaziba njia kwa kiungo cha pembeni.

Swali linalobaki ni la wakati, na nadhani ndilo lililokuponza. Mwenye mpira hana haki ya kudai apewe muda wala umbali. Anatakiwa kutarajia wakati wowote kwamba mtu anaweza kutokea mbele yake, hata akiwa mbio namna gani. Lakini akisharuka, mambo yanageuka. Mchezaji aliye hewani ana haki ya kutua mahali palepale, au mahali pengine ambapo hapakuwa na mtu wakati anaondoka sakafuni. Kwa hiyo mwamuzi hajiulizi kama ulikuwa umesimama wakati wa kugongana. Anajiuliza kama ulikwisha kufika wakati miguu ya mpinzani inaiacha sakafu. Kati ya nyakati hizo mbili pana kitambo kifupi sana, na ndani ya kitambo hicho mlinzi mwenye mbio anaweza kabisa kufika, kusimama, na kuonekana kama nguzo. Amesimama, ndiyo, lakini amefika akiwa amechelewa.

Pana jambo la pili. Chini ya kila kikapu huchorwa nusu duara yenye nusu kipenyo cha mita 1.25, iliyoingizwa katika kanuni za FIBA mwaka 2010. Mlinzi aliyesimama humo, akagongwa na mshambuliaji aliye hewani akirusha au akipitisha mpira, hawezi kupewa faulo ya kuvaliwa, isipokuwa kama mshambuliaji ametumia mkono, mguu au kiungo kingine isivyo halali. Sababu yake ni nzuri: walinzi walikuwa wakijibanza chini ya kikapu, hawajaribu kuzuia mpira, wanasubiri tu kuangukiwa. Viwanja vingi vya saruji mashuleni havina mstari huo, na hata penye mstari rangi imefutika. Ni busara nahodha amuulize mwamuzi kabla ya mchezo kama utahesabiwa. Nawe jiulize: visigino vyako vilikuwa wapi?

Kama kweli ulifika mapema na ukiwa nje ya nusu duara hiyo, basi faulo ilikuwa ya mshambuliaji, mpira ungekuwa wenu, na mitupo huru, yaani ile ya kurusha mpira kikapuni bila kuzuiwa na mtu, isingekuwapo, kwa sababu faulo ya timu inayomiliki mpira haizai mitupo hata kama timu hiyo imekwisha kujaza idadi ya faulo zake. Ila kama mpira ulikuwa umetoka mikononi mwake kabla ya kukuvaa, kisha ukaingia, pointi zake 2 zingehesabiwa pamoja na faulo aliyoifanya. Hilo huwashangaza wengi.

*Mimi ni mrushaji wa pointi tatu. Mara nyingi mlinzi hanigusi wakati ninarusha, lakini nikitua nakuta mguu wake chini yangu. Nimeteguka kifundo mara mbili. Waamuzi wengine wanasema mpira ulishaondoka mkononi, kwa hiyo hakuna kosa. Je, ni kweli? – Mchezaji, Mombasa*

Si kweli. Tendo la kurusha haliishii mkononi. Kwa mrushaji aliyeruka, linaendelea hadi miguu yake yote miwili irudi sakafuni. Mlinzi anayeteleza chini yake baada ya mpira kuondoka amechukua nafasi isiyo yake, kama nilivyomweleza kijana wa Tanga. Adhabu ni ya faulo kwa mrushaji: mpira ukiingia, pointi 3 zinahesabiwa na mtupo mmoja unaongezwa, usipoingia, unapewa mitupo 3.

Tukio lililowafungua wengi macho lilitokea tarehe 14 Mei 2017, katika mchezo wa kwanza wa fainali ya Kanda ya Magharibi ya NBA kati ya Golden State Warriors na San Antonio Spurs. Kawhi Leonard wa Spurs alirusha kutoka pembeni, akatua juu ya mguu wa Zaza Pachulia aliyekuwa amemsogelea kumzuia, akaumia kifundo na hakurudi uwanjani. Spurs walikuwa wakiongoza kwa pointi 23. Wakapoteza kwa 113 kwa 111. Kabla ya msimu uliofuata, NBA iliwapa waamuzi wake uwezo wa kuipandisha hadhi faulo ya aina hiyo na kuihesabu kuwa faulo nzito. Katika kanuni za FIBA pia, mlinzi anayemziba mrushaji nafasi ya kutua kwa njia ya hatari anaweza kupewa faulo isiyo ya kimichezo. Nahodha wako alitaje jambo hili kwa mwamuzi kabla ya mchezo, kwa adabu. Mwamuzi aliyekwisha kutahadharishwa huibakiza macho yake kwa mrushaji, hakimbilii kuufuata mpira.

*Vijana wangu wanajifunza kuweka skrini, lakini kila mara tunahesabiwa faulo. Nini siri yake? – Kocha wa timu ya mtaa, Nairobi*

Kocha, skrini ni kizuizi cha mwili anachokiweka mchezaji ili mlinzi anayemfuata mwenziwe acheleweshwe. Uhalali wake unahitaji mambo mawili: anayeiweka awe ametulia ndani ya pipa lake wakati wa mgongano, na miguu yote miwili iwe sakafuni. Makosa ya vijana wengi ni kupanua miguu kupita mabega, kuchomoza nyonga dakika ya mwisho mlinzi anapokwepa, au kuanza kukimbilia kikapuni kabla mlinzi hajafika.

Umbali nao una hesabu yake. Mlinzi aliyesimama na anayekuona, waweza kumsogelea kadiri upendavyo bila kumgusa. Asiyekuona, kwa kuwa umetokea nyuma yake, lazima umwachie hatua moja ya kawaida. Aliye katika mwendo lazima umpe nafasi ya kusimama au kubadili njia, ambayo huwa kati ya hatua 1 na 2. Hapa, tofauti na kwa mwenye mpira, mbio za mpinzani zinahesabiwa. Zoezi linalofaa ni rahisi: mwambie kijana ashike jezi yake mwenyewe kwa mikono miwili kifuani anapoweka skrini. Mikono ikishashughulishwa, haitamsukuma mtu.

*Katika ligi ya mkoa wetu, timu ikiwa nyuma kwa pointi chache dakika za mwisho, wachezaji wake wanamkumbatia makusudi mpinzani dhaifu wa kutupa mitupo huru ili saa isimame. Watazamaji wanazomea. Je, huu ni ujanja halali au uhuni? – Mtazamaji, Morogoro*

Ni jambo lenye sura mbili, nami nitakiri kwamba moyo wangu uko upande wa wanaozomea, ingawa kanuni haziko upande wao moja kwa moja.

Tuanze na hesabu. Kila timu ina faulo 4 katika kila robo ya mchezo. Kuanzia ya 5, kila faulo ya ulinzi inampa aliyefaulishwa mitupo huru 2, hata kama hakuwa akirusha. Timu iliyo nyuma inafikiri hivi: tukiwaacha wadunde mpira, watatumia zote sekunde 24 wanazoruhusiwa kukaa na mpira kabla ya kurusha, na saa itatuishia, tukiwafaulisha, saa inasimama, wanatupa mitupo 2, huenda wakakosa mmoja au yote, kisha mpira ni wetu. Nchini Marekani mbinu hii ilipata umaarufu dhidi ya Shaquille O'Neal, jitu lisilozuilika chini ya kikapu, lakini ambalo katika maisha yake yote ya NBA liliingiza mitupo huru kwa kiwango cha asilimia 52.7 tu.

Kanuni haikatazi kufanya faulo kwa ajili ya kusimamisha saa. Inachouliza ni jinsi faulo yenyewe ilivyofanywa. Mlinzi anayeunyooshea mpira mkono kwa nia ya kweli ya kuucheza, akagusa mkono wa mpinzani, amefanya faulo ya kawaida. Anayemkumbatia mtu kwa nyuma, kumvuta jezi, au kumdaka mchezaji asiye na mpira hakujaribu kuucheza mpira, na mwamuzi ana haki ya kuita faulo isiyo ya kimichezo. Ndivyo ilivyo pia kwa mgongano wa nguvu kupita kiasi, kwa faulo isiyo ya lazima inayokusudiwa kukata shambulizi la kasi, na kwa kumgonga kwa nyuma au ubavuni mchezaji anayeelekea kikapuni hali hapana mlinzi mbele yake. Adhabu yake inaharibu hesabu yote niliyoieleza: mitupo 2 na, juu yake, mpira unarudi kwa timu iliyofaulishwa. Mchezaji anayepata faulo mbili za namna hiyo katika mchezo mmoja hutolewa.

Kwa hiyo, ndugu mtazamaji, kumkumbatia mtu siyo ujanja halali hata dakika za mwisho. Mazoea ya waamuzi kuihesabu kuwa faulo ya kawaida kwa sababu tu kila mtu uwanjani alijua inakuja ndiyo yanayoleta kuzomea huko mnakokusikia. Kanuni haikuweka msamaha kwa kosa lililotarajiwa.

*Ninafanya kazi huku Muscat na hukesha nikitazama NBA. Nimemwona mchezaji akiwa na faulo 5 akiendelea kucheza, lakini katika ligi ya marafiki zetu hapa mtu wa faulo 5 anatoka. Nani anakosea? – Msomaji, Oman*

Hakuna anayekosea. Mchezo wa FIBA una dakika 40, na mchezaji anatoka kwa faulo ya 5. Wa NBA una dakika 48, na anatoka kwa faulo ya 6. Ligi ya marafiki zenu inafuata FIBA. Katika hesabu hiyo huingia faulo za mgongano na hata za kiufundi alizopewa mwenyewe kwa utovu wa adabu, kama kumtukana mwamuzi au kujiangusha ili kumdanganya.

Na kwa kuwa unakesha, nakuachia mmoja wa kumtafuta katika picha za zamani. Wilt Chamberlain alicheza michezo 1,045 ya msimu wa kawaida katika NBA, akiwa mrefu wa zaidi ya mita 2.1 na akicheza palepale penye msongamano mkubwa kuliko pote uwanjani, wala hakutolewa kwa kujaza faulo hata mara moja.